Mission: Impossible ya 1996, bado ni moto au tunaibeba kwa mazoea tu?

mdadisi_wa_picha

Wakuu salama? Onyo kwanza, ambaye hajaiona hii muvi akimbie mapema maana humu tutamwaga kila kitu mpaka msaliti ni nani, karibu miaka 30 imepita msije mkaanza kulalamika.

Nimeirudia Mission: Impossible ile ya kwanza kabisa ya 1996, iliyoongozwa na Brian De Palma, Tom Cruise bado kijana mbichi. Nimeicheki na mdogo wangu ambaye yeye Mission anazozijua ni hizi za juzi juzi, za mtu kuruka na pikipiki kwenye genge na kuning'inia ubavuni mwa ndege inayopaa, sasa tumefika katikati ananiuliza kaka hawa wanaanza kupigana saa ngapi? Nikabaki namwangalia kwa sababu ukweli ni kwamba hawaanzi. Yani ukifuatilia vizuri Ethan Hunt, huyo Cruise mwenyewe, hafyatui bastola hata mara moja muvi nzima. Ni watu wanaongea, wanadanganyana, wanavaa sura za watu wengine, wanasubiri. Dogo akasema ni nzuri ila imezeeka, akarudi kwenye simu yake.

Sasa nauliza nyie wajuzi, imezeeka kweli? Mi kwa upande wangu pale Prague mwanzoni naona hakuna kilichopungua, ule ukungu wa usiku, barabara za mawe zimelowa, timu nzima inapukutika mmoja baada ya mwingine hata hujawazoea majina, na wameua mpaka Emilio Estevez ambaye enzi zile ukiona sura yake unajua huyu yupo mpaka mwisho. Ila kuna vitu vinanisumbua. Kompyuta zinachekesha. Treni ile ya mwisho na helikopta ndani ya handaki sijui niseme nini. Halafu njama yenyewe, hebu tuseme ukweli hapa, kuna aliyeielewa mara ya kwanza? Mi mpaka leo sijashika vizuri Ethan alijuaje kwamba Phelps, bosi wa timu yake, ndo mchawi.

Naombeni hoja, sio "old is gold" halafu mtu anasepa.

Nyundo_Kavu

Sini ya Langley, pale makao makuu ya CIA. Uzi ufungwe.

bi_mkubwa_wa_sinema

Nyundo hujakosea ila ngoja nimsaidie mwenye uzi maana ameomba hoja.

Mdogo wangu, ile sini ya kuingia makao makuu ya CIA iangalie tena ukiwa umefunga feni, kwa sababu De Palma ameondoa muziki wote. Hakuna ngoma hakuna vinanda vya kukuambia sasa ogopa. Kabla hawajaingia Ethan anawaeleza wenzake chumba kinavyolindwa, sauti ikizidi mnong'ono kengele inalia, joto likipanda kidogo kengele inalia, kitu chochote kikigusa sakafu kengele inalia. Basi, ameshakupa sheria zote za mchezo, kuanzia hapo huhitaji kuelezwa kitu, kila unachokiona unakipima mwenyewe kwa zile sheria. Ndo maana haizeeki. Muvi nyingi za leo jamaa anaingia mahali halafu mwenzake yupo kwenye sikio anatangaza "una sekunde 40", sekunde 40 za nini hata sijui.

Halafu angalia inavyopangwa. Ethan anashushwa kwa kamba kichwa chini kama ndoo kisimani, juu kwenye bomba la hewa yupo Krieger, yule Jean Reno, ndo kashika kamba. Anatokea panya. Panya mmoja tu, hakuna bomu wala jeshi. Krieger anahangaika na panya kamba inamponyoka, Ethan anashuka mzima mzima anasimama kidogo sana kabla ya sakafu, mikono kaitawanya anatafuta mizani. Hapo unadhani imeisha, wapi, jasho linaanza kuteleza kwenye kioo cha miwani yake, tone moja, linavutika taratibu kwenye ukingo, na wewe umeshaambiwa sakafu haiguswi. Analidaka na glavu. Yani tone la jasho ndo bomu la hiyo sini. Na huku nje mwenye ofisi, yule Donloe maskini wa Mungu aliyetiliwa dawa kwenye kahawa, anakimbia chooni anarudi, anakimbia tena, hujui safari hii atakaa muda gani.

Kuna kisa kinajulikana sana, Cruise alikuwa anashindwa kubaki mlalo pale juu ya sakafu, kila akishushwa kichwa kinazidi uzito anajigonga uso, mpaka akaomba sarafu akazitia ndani ya viatu ili miguu ilingane na kichwa. Sarafu za pauni. Muvi ya bajeti ya dola milioni 80 imeokolewa na chenji.

Ila tusimpe De Palma sifa zote, hilo wazo lina wazee wake. Topkapi ya 1964 ya Jules Dassin kuna mwizi anashushwa kwa kamba kutoka paani kwenye jumba la makumbusho Istanbul, sakafu ina kengele vilevile. Na Dassin huyohuyo kabla ya hapo 1955 alifanya Rififi, wizi wa karibu nusu saa bila neno na bila muziki. Anayependa Langley akatafute hizo mbili.

Kebo_na_Soketi

Nimeitwa? Nimeona kompyuta zimetajwa.

Mi ni mtu wa mitandao ndo kazi yangu, na nawaambia kuna sehemu inachekesha mpaka mbavu ziume, halafu kuna sehemu iko sahihi kuliko muvi zote za wadukuzi zilizotoka baada yake, na watu huwa wanacheka wakati usiofaa.

Ya kuchekesha: Ethan anamtafuta Max, yule dalali wa siri, kwenye intaneti, anaandika max.com, hakuna kitu, anahangaika usiku kucha na makundi ya mijadala ya Biblia, mwisho anatuma barua pepe kwenye anwani ambayo ndani yake kuna Job 3:14, yani Ayubu 3:14, na nafasi katikati na nukta pacha. Aisee. Barua hiyo isingefika popote, seva ingeitema hapohapo. Halafu Luther, mdukuzi wa timu mpya ya Ethan, anatoa masharti ya vifaa, anataka laptopu za majaribio zenye chipu ya akili mnemba. Mwaka 1996! Kipindi kile ilikuwa ni maneno ya kupamba tu, mwandishi anatafuta kitu kinachosikika kizito, leo ukienda kununua laptopu ndo kitu cha kwanza wanachokuimbia. Na zile PowerBook za Apple zimepewa sura kwenye kamera kuliko waigizaji wengine, ilikuwa ni dili la matangazo, wakati Apple yenyewe mwaka ule ilikuwa hoi kifedha.

Sasa iliyo sahihi. Kwanini wanaingia Langley kwa miguu? Kwa nini Luther, anayesifiwa kwamba hakuna kompyuta inayomshinda, asiidukue akiwa amekaa zake hotelini? Kwa sababu mashine yenye ile orodha ya majasusi wanayoifuata haijaunganishwa na mtandao wowote. Imekaa peke yake chumbani, ukiitaka unaifuata. Hiyo kitu mpaka leo ndo ulinzi wenyewe, sehemu nyeti kweli kweli bado zinafanya hivyohivyo, mashine inatengwa, na anayetaka kuiba inabidi mtu aingie kwa mwili wake. Waandishi wangeweza kumwandika jamaa anabonyeza kibodi haraka haraka halafu "nimeingia". Hawakufanya. Na kile kilichomwangusha Donloe si programu wala nini, ni mtu kumsogelea na kumtilia matone kwenye kikombe. Kazini kwetu mifumo mingi inaangushwa na mambo ya kijinga ya aina hiyo, mtu kaaminiwa, mtu kabonyeza, mtu kaacha mlango wazi.

Kwahiyo mi jibu langu, vifaa vimezeeka, wizi haujazeeka.

mdadisi_wa_picha

@bi_mkubwa shikamoo, hii ndo nilikuwa naitaka. @Kebo hiyo ya mashine kutengwa sikuwahi kuifikiria kabisa yani nilikuwa naona tu ni kisingizio cha kumning'iniza stelingi.

Bado njama. Mnisaidie Phelps.

kitabu_cha_ayubu

Jina langu tu linatosha kuonyesha nimesubiri swali hili miaka mingi.

Iko hivi mkuu. Mwanzoni kabisa Prague timu ikiwa kwenye nyumba yao ya siri wanataniana, wanamtania Phelps kwamba bosi analazwa mahoteli makubwa, na inatajwa Drake Hotel ya Chicago. Ni utani wa sekunde chache katikati ya malalamiko ya kahawa mbaya, unapita hujali. Baadaye wenzake wote wamekufa, Ethan anatumia Biblia iliyokuwa mle ndani kufumbua hilo jina la Ayubu, jina la siri la msaliti. Biblia hiyohiyo anabaki nayo mpaka London, na siku moja anaifungua anaona muhuri wa Gideons, imetoka Drake Hotel, Chicago. Zile Biblia zinazowekwa vyumbani hotelini. Nani alikuwa Chicago? Phelps. Basi kwisha. Haelezi mtu, hatoi hotuba, anafunga kitabu. Wewe kama ulikuwa unajibu meseji pale mwanzoni umeachwa na treni, na muvi haikurudii.

Lakini kubwa kwangu mimi sio huo muhuri, ni kinachofuata pale stesheni ya Liverpool Street. Phelps anajitokeza, kumbe hakufa, ana jeraha, wanakaa kwenye meza ya mgahawa na anamwambia Ethan kwamba msaliti ni Kittridge, yule mkubwa wa CIA. Ethan anajifanya kukubali, na mdomo wake unasema Kittridge alifanya hivi, Kittridge akafanya vile, lakini picha tunazoonyeshwa ni za Phelps mwenyewe akijipaka damu bandia, akijifyatulia risasi, akiua wenzake. Sauti inadanganya na picha inasema ukweli, kwa wakati mmoja, na Phelps amekaa mbele yake anaitikia kichwa. Mnazo muvi ngapi za aksheni zinazomwamini mtazamaji kiasi hicho? Watu waliosema 1996 haieleweki nadhani walichanganyikiwa hapo, maana tumezoea tukionyeshwa tukio la nyuma basi maneno na picha ni kitu kimoja.

Na kuna kitu kidogo humo ndani ambacho ukikiona hutakiacha. Anapofika kwenye gari lililolipuka anajiuliza nani alilipua, kichwani kwake tunamwona Claire, mke wa Phelps, ndo anabonyeza. Halafu anajikatalia. Picha inarudiwa upya, safari hii ni Phelps kabonyeza mwenyewe. Hataki awe Claire. Hakuna mtu amesema neno lolote la mapenzi, lakini umeshajua udhaifu wake uko wapi. Hiyo ni sekunde kama tano za uhariri.

Kwahiyo mdogo wako aliyerudi kwenye simu, ndo sehemu hizi alizozikosa.

Mstaafu1966

Vijana mnaisifia sana, sawa, lakini sisi tuliotoka na ile ya kwenye televisheni tulichukia na wengine tumekufa nayo moyoni mpaka leo.

Ile ya televisheni ilianza 1966 ikaenda mpaka 1973, ikafufuliwa tena 1988 mpaka 1990, na Jim Phelps alikuwa Peter Graves, mtu mtulivu, ndo nguzo. Raha yake ilikuwa ni timu. Kila mtu ana kipande chake, huyu sura bandia, huyu umeme, huyu misuli, na mwisho adui hata hajui amepigwa na nani. Sasa hawa wanakuja 1996 wanaua timu yote kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, halafu wanamgeuza Phelps awe muuaji wa wenzake. Graves alipewa nafasi ya kurudi akakataa kwa sababu hiyohiyo, ndo akaingia Jon Voight. Mimi namheshimu kwa kukataa.

Nikubali kitu kimoja lakini. Yale maelezo ya Phelps ya kwanini alisaliti, pale anapozungumzia Vita Baridi kuisha, kwamba siku moja unaamka unakuta rais anaendesha nchi bila kukuomba wewe ruhusa, na wewe umekuwa chombo kilichopitwa hakuna anayehangaika kukiboresha, una ndoa mbovu na mshahara wa dola 62,000 kwa mwaka. Nilipoisikia wakati ule niliona ni visingizio. Nikiisikia sasa na umri huu naona ndo maneno ya kweli kuliko yote humo ndani. Ukuta ulianguka 1989, Umoja wa Kisovieti ukavunjika 1991, mashushushu wa pande zote wakabaki wanauliza tunamfuatilia nani sasa. Muvi za kijasusi za miaka ile zilikuwa zinahangaika na swali hilo, na wengi walilijibu kwa kuokoteza gaidi yeyote na bomu la nyuklia. Hii imesema adui ni mfanyakazi aliyechoka. Inauma, ila ni ya kweli.

Bado simsamehe mtu kwa Phelps lakini.

Nyundo_Kavu

@Mstaafu1966 shikamoo mzee, ila wangemfanya mtu mwingine msaliti nani angeshtuka? Ilibidi awe yeye.

Mstaafu1966

Marahaba. Wangetunga jina jipya. Jina lile lilikuwa na watu wake.

reli_mbili

Nimekuja kwa ajili ya treni maana naona mnaikwepa.

Mi nasema wazi, dakika za mwisho ndo zimezeeka, na hazijazeeka kwa sababu ya picha za kompyuta. Industrial Light & Magic, wale waliotengeneza hizo picha, walifanya kazi nzuri kwa wakati wao, upepo ule unaomkunja uso Cruise ni mashine ya upepo ya ukweli studio, nywele zile na mashavu yale yanavyotetema hauwezi kuigiza. Tatizo ni kwamba muvi inaacha kuwa ile muvi. Saa nzima na nusu tumekaa tunafikiria, ghafla ni helikopta imefungwa kwa kebo kwenye treni inavutwa ndani ya handaki la chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa.

Handaki lenyewe lilikuwa limefunguliwa 1994 tu kwahiyo naelewa kila mtu alitaka kulitumia, lilikuwa habari ya mjini. Lakini wakuu, mle ndani kuna njia mbili tofauti, kila treni ina tundu lake, na la tatu katikati ni la huduma. Kila tundu la reli lina kipenyo cha mita 7.6. Mapanga ya helikopta ya ukubwa ule peke yake yanazidi hapo. Na treni inatumia umeme unaotoka kwenye waya za juu, zile waya kwenye muvi zimeenda wapi? Mtu katembea juu ya behewa kama yupo sebuleni kwake.

kitabu_cha_ayubu

@reli_mbili hapo umeleta rula kwenye ndoto. Hiyo sini haitaki uiamini. De Palma tangu mwanzo anakupinda, pale kwenye mgahawa wa Prague Kittridge anapomhoji Ethan angalia kamera ilivyolala upande, kila wakikaribia ukweli inazidi kuinama na kuwasogelea usoni, mpaka Ethan analipua tangi la samaki na maji yote yanamfuata barabarani. Tani za maji za kweli hizo. Ni mtu anayependa kuzidisha tangu zamani. Treni ni kuzidisha kwa mwisho.

reli_mbili

Tangi la samaki nakubali kwa sababu limeandaliwa. Tumekaa dakika nzima tunaongea huku samaki wamezunguka, na kabla ya hapo Estevez kampa ile bablishi ya kulipuka yenye rangi mbili na kumwambia inavyofanya kazi, kwahiyo inapolipuka nasema ahaa. Helikopta imeandaliwa na nini? Imetokea tu.

bi_mkubwa_wa_sinema

Bablishi hiyohiyo ndo inayolipua helikopta mwanangu. Ila nakubaliana na wewe nusu, kwa sababu pambano lenyewe la kweli limeshaisha ndani ya behewa kabla hawajapanda juu, pale Claire anapodhani anaongea na mumewe kumbe ni Ethan kavaa sura, na Phelps halisi anatokea nyuma. Hapo ndo msumari. Kilichobaki kule juu ni fataki.

Na mimi mkitaka nitaje kilichozeeka vibaya zaidi nitasema ni Claire. Emmanuelle Béart ni mwigizaji mkubwa na wamempa kazi ya kusimama na kutazama. Tunaambiwa kasaliti, anapigwa risasi na mumewe, basi, hatujui alitaka nini. Pesa? Phelps? Ethan? Kila mwanaume mle ndani ana sababu zake zimeelezwa isipokuwa yeye. Kristin Scott Thomas naye kachomwa kisu getini mapema hata hatujamla kwa macho.

mdadisi_wa_picha

Claire ni kweli dada, nimeirudia nikitafuta sababu yake nikaikosa. Ila Max je?

bi_mkubwa_wa_sinema

Max ndo mwanamke pekee anayefurahia maisha kwenye ile muvi! Vanessa Redgrave anaonekana kidogo sana na anaiba kila sini. Dalali wa siri za mataifa, wangemwandika mkali na sura ya jiwe kama wote, yeye anatabasamu, anamtania Ethan waziwazi kama amepata mgeni wa maana baada ya siku nyingi za kuchoshwa. Hata pale Kittridge anapomkamata kwenye treni hashtuki, anaanza kutafuta ni kitu gani alichonacho ambacho Kittridge anaweza kukihitaji. Ndo maana walipoleta yule White Widow wa Vanessa Kirby kwenye Fallout ya 2018 wakamfanya binti wa Max, miaka 22 baadaye, na Kittridge naye wakamrudisha 2023 na mwigizaji yuleyule Henry Czerny. Hata Donloe aliyetishiwa kupelekwa mnara wa rada Alaska wamemrudisha 2025, Rolf Saxon mwenyewe. Redgrave tu ndo hawajamrudisha.

Nyundo_Kavu

Wamrudishe na helikopta ili reli_mbili apate presha.